Tulipolala Njiani Kwenda Kilimani

Nilitembea hija ile mara nne, kutoka kanisa letu la Umbilo, Durban, hadi kwenye kilima cha Mama Maria huko bara, mwendo wa siku tano. Nikiulizwa habari zake leo, kinachonijia kwanza ni sakafu tulizolalia, kisha maji. Kazi yangu katika msafara ilikuwa miguu ya watu, na anayeosha miguu ya watu arobaini kila jioni huyapima malazi kwa bomba lake.

Kwetu Uvira, Kongo, nilikuwa muuguzi. Nilifanya kazi kwenye kituo cha afya hadi siku tuliyokimbia, na vyeti vyangu vilibaki kwenye sanduku ambalo hakuna aliyelibeba. Durban nilichunga magari kwenye maegesho ya duka moja la Umbilo Road. Nilivaa kizibao cha rangi ya machungwa na kuwaelekeza wenye magari jinsi ya kurudi nyuma bila kugonga ukuta. Watu hawakunidharau waziwazi. Ila hakuna aliyewahi kuniuliza nilikuwa nani kabla ya kile kizibao. Kwa hiyo mwenyekiti wa hija, Mkongo mwenzetu aliyekuwa mwalimu huko nyumbani, aliponiomba nibebe begi la dawa, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Watu wa msafara wakaanza kuniita Mama Munganga, jina ambalo kwetu hupewa yeyote anayetibu, awe daktari au muuguzi. Siku tano kila mwaka nilikuwa tena mtu yule.

Tulitembea mwisho wa Juni, wakati wa baridi, shule zikiwa zimefungwa na mvua hakuna. Siku ya kwanza ilikuwa ya lami na robot, zile taa za barabarani, na moshi wa magari, tukapanda taratibu hadi Queensburgh, tukalala kwenye ukumbi wa kanisa ambalo si la dhehebu letu. Sakafu yake ilikuwa ya mbao. Jikoni kulikuwa na maji ya moto yasiyokwisha. Mama mmoja wa Kihindi, mtunza ufunguo, alikuwa akituachia mezani bati la biskuti na karatasi yenye maneno ya kutukaribisha. Kama ningeulizwa na mgeni alale wapi katika njia ile, ningemwambia alale Queensburgh. Lakini kwa kazi yangu siku ile haikuwa na maana kubwa. Miguu ilikuwa bado mizima, kila mtu akicheka, na wale niliowaita nione nyayo zao waliniambia nisijisumbue.

Siku ya pili tulivuka Pinetown na kupanda milima. Jioni tulifika kwenye shule ya msingi ambayo mwalimu mkuu wake alitufungulia madarasa mawili. Hapo ndipo nilipopapenda. Sakafu ilikuwa saruji baridi iliyopenya blanketi, na bomba lilikuwa nje, karibu na uzio, lakini viti vya watoto wa darasa la kwanza vilikuwa na kimo kilekile cha mguu unaohitaji kuoshwa. Mtu alikaa kwenye dawati, akanyoosha mguu juu ya kile kiti kidogo, nami nikapiga magoti mbele yake bila mgongo kuniuma. Ubaoni palikuwa na maneno ya Kizulu ambayo mwalimu aliyaacha kabla ya likizo, majina ya wanyama na picha zao. Niliyajifunza nikiwa natoboa malengelenge. Taa zilikuwa kali. Niliona kila kitu.

Ya tatu ilikuwa ghala la trekta kwenye shamba la miwa. Hapo wengi walipapenda na mimi nilipachukia. Mwenye shamba alituwekea magogo ya kuni, watu wakawasha moto mkubwa, wakaimba na kuota mikono. Lakini msimu ule miwa huchomwa kabla ya kukatwa, na majivu yake meusi huelea hewani kama unyoya na kutua kila mahali. Yalitua kwenye maji yangu, kwenye pamba, kwenye kidonda nilichokwisha kusafisha. Mwanga ulikuwa wa moto na tochi tu.

Ya nne ilikuwa kwa Gogo. Ndivyo Wazulu wanavyomwita bibi, nasi tukamwita hivyo hivyo. Alikuwa mjane mwenye nyumba tatu za mviringo juu ya bonde, na hatukumlipa chochote kwa sababu alikataa tangu mwaka wa kwanza. Wanaume walilala nyumba moja, wanawake mbili. Sakafu ilikuwa imepakwa samadi ikawa laini na safi, na juu yake mikeka ya nyasi. Maji aliyachemsha mwenyewe kwenye sufuria ya miguu mitatu, akaniletea beseni kabla sijaomba, akakaa pembeni kunitazama nikifanya kazi. Kizulu changu kilikuwa kidogo na Kiingereza chake kidogo zaidi. Hatukuhitaji vingi. Siku ya tano tulipanda kilima, tukasali, na basi likaturudisha nyumbani.

Hayo yalikuwa malazi yetu, na miaka miwili ya kwanza sikuwa na la kusimulia zaidi ya malengelenge na kucha zilizong'oka.

Mwaka 2012 alikuwepo mzee mmoja, fundi cherehani wa Greyville. Alikuwa akiishi na mke wake ghorofa ya nne katika jengo lililo karibu na uwanja wa mbio za farasi, chumba kimoja, mashine yake ya kukanyaga kwa mguu ikiwa dirishani. Nusu ya sare za kwaya yetu alizishona yeye. Alikuwa mwembamba, mwenye miaka sitini na kidogo, na adabu za zamani. Hakuketi mahali mpaka wanawake wote wawe wameketi. Siku waliyoukimbia mji wa Baraka, watoto wake wawili wa kiume walipotelea njiani, na yeye aliweka nadhiri kwamba atatembea hadi kilimani mara tatu ili apate habari zao, ziwe njema au mbaya. Ile ilikuwa mara ya tatu.

Jioni ya kwanza, Queensburgh, nilipita na daftari nikiwauliza watu wana maradhi gani. Yeye alisema hana. Alikuwa amevaa soksi nene za kijivu na hakuzivua. Nilikuwa nimesimama kwenye maegesho juma zima hadi jana yake, mgongo ulikuwa unaniuma, na sikumwambia avue. Niliandika "hakuna" mbele ya jina lake, nikaenda kwa mwingine.

Jioni ya pili, shuleni, nilimaliza watu wote nikamkuta amekaa dawati la mwisho, viatu vyake bado mguuni. Nilimwambia nafasi yake imefika. Alisema hana shida. Nikasogeza kiti kidogo mbele yake, nikasubiri. Mwishowe alivua kiatu cha kulia, na soksi ikagoma kutoka kwa sababu ilikuwa imeganda.

Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifungo cha koti. Hakikuwa cha siku mbili. Kingo zake zilikuwa ngumu, nyeupe, na katikati palikuwa na shimo. Jiwe dogo la barabarani lilikuwa limeingia humo ndani, akatembea nalo kutoka Pinetown bila kujua.

"Haiumi, Mama Munganga," alisema. "Hata kidogo."

Hilo ndilo lililonitisha. Nililitoa lile jiwe, nikaminya pembeni, nikamwangalia usoni. Alikuwa anatazama picha ya ng'ombe ubaoni kana kwamba mguu ni wa mtu mwingine.

"Papa, uko na sukari?"

Aliangalia mlango kwanza. "Iko kidogo. Nakunywa dawa."

Nilimwuliza tangu lini, akasema miaka. Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba mgonjwa wa sukari akipata kidonda cha mguu hatembei, hata kwenda dukani hatembei, na kwamba kesho yake asubuhi bakkie, gari dogo la parokia lililokuwa likibeba mizigo yetu, itamrudisha Durban aende kliniki. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanishika kifundo cha mkono, jambo ambalo mtu wa adabu zake hangelifanya bila sababu.

"Usimwambie mwenyekiti," alisema. "Atanitia mu gari. Nilishamaliza mbili, hii ndiyo ya mwisho. Nikirudi leo, nitaanza tena na miguu gani?"

"Mguu huu unaweza kuharibika, Papa."

"Utauosha kila jioni. Wewe uko munganga."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi, na sitaki kujidanganya. Nilimwonea huruma, ndiyo. Mimi pia nina watu waliopotea. Lakini huruma peke yake isingenifanya ninyamaze. Kulikuwa na lile daftari nililoandika "hakuna" bila kutazama, ambalo mwenyekiti angeliuliza. Na kulikuwa na neno aliloniita, munganga, lililonipanda kichwani. Nilijiona ninaweza. Nilikuwa na maji ya chumvi, bandeji safi, glavu, na miaka yangu ya kazi. Nilimwambia ni siku moja tu, na kwamba kesho jioni nikiona mabadiliko, nitasema. Nilikiosha kidonda vizuri kuliko chochote nilichowahi kuosha. Nikakifunga, nikakata kipande cha sponji kuweka chini ya wayo ili uzito usimwelemee. Alinishukuru kwa Kifaransa.

Kesho yake alitembea mbele, karibu na msalaba. Kila nilipomtazama alikuwa akiimba.

Jioni kwenye ghala nilimpeleka nyuma ya trekta, mbali na moto, nikafungua bandeji kwa mwanga wa tochi niliyoishika kwa meno. Mguu ulikuwa umevimba kidogo. Ngozi ya juu ilikuwa nyekundu, au niliiona nyekundu kwa sababu ya mwanga wa moto, sikuweza kuhakikisha. Niligusa kwa kidole nikahisi joto. Majivu yalikuwa yakitua. Nilijua nilichoahidi. Na mtu aliyefanya kazi miaka minane kwenye kituo cha afya hahitaji taa kujua joto lile ni la nini.

Mwenyekiti alikuja na karatasi yake, kama alivyofanya kila jioni, akaniuliza kama kuna wa kurudishwa, maana dereva wa bakkie angeondoka asubuhi mapema kwenda mjini kuchukua mikate.

"Wote wako sawa," nilimwambia.

Alitia alama kwenye karatasi akaenda kuota moto. Mzee alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwetu, na hakuinua uso.

Siku ya nne njia inashuka hadi mtoni halafu inapanda tena saa nzima. Mzee alianza kubaki nyuma. Nilitembea naye. Alinisimulia juu ya watoto wake, kwamba mkubwa alikuwa na tabia ya kucheka akiogopa, na kwamba siku ile ya kukimbia alimsikia akicheka kwenye giza upande wa kushoto, akadhani wako pamoja, kumbe ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumsikia. Alieleza hayo bila kulia. Alitokwa jasho ingawa upepo ulikuwa baridi. Nilimgusa paji la uso nikasema tupumzike, akasema tutapumzika kwa Gogo. Kwenye mwinuko wa mwisho alinishika bega, na uzito wake ulikuwa mdogo mno kwa mwanamume.

Kwa Gogo nilimketisha kwenye benchi ya nje. Gogo alileta beseni la maji ya moto kama kawaida yake, akaliweka chini. Nilikuwa bado nafungua kamba za kiatu. Yeye aliinama, akanusa, akasimama wima.

"Unyawo luyabola," alisema.

Mguu unaoza. Neno hilo nililijua. Alilisema kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri zamu. Kisha akaniuliza kitu ambacho binti yake alinifasiria: mume wake alikufa hivyo hivyo, kwa nini mmemleta mtu huyu kwa miguu?

Niliondoa bandeji. Kidole gumba kilikuwa cheusi na weusi ulikuwa umepanda hadi katikati ya wayo. Watu walisogea nyuma. Mwenyekiti alikuja, akatazama, akanitazama mimi, akamwita dereva. Ndani ya dakika chache mizigo ilikuwa imeshushwa, mzee amelazwa nyuma ya bakkie na blanketi la Gogo, mimi nimekaa kando yake nimekishika kichwa chake. Njia yote alikuwa akiniuliza kilima kiko upande gani. Nilimwonyesha. Kwa kweli sikujua.

Hospitalini alipokelewa na muuguzi Mzulu, mwanamke wa umri wangu, mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri. Aliitazama bandeji niliyomfunga tena kwa Gogo, ile sponji iliyokatwa, plasta zilizopishana zisibane damu. Aliniuliza ni nani aliyefunga. Nikasema ni mimi. Akasema imefungwa kitaalamu, je, mimi ni nesi?

"Hapana," nilisema. "Ninachunga magari."

Aliandika kitu, akafunga pazia.

Mke wa mzee alifika asubuhi kwa taxi, zile daladala za huku, bado amejifunga kitenge cha nyumbani. Tayari alikuwa ameambiwa kwamba mguu utakatwa. Alinikuta kwenye korido. Tulikuwa tumeimba kwaya moja miaka minne, alinishonea mikono ya blauzi niliyovaa siku hiyo. Aliniuliza jambo moja tu, kama nilikuwa najua.

Nilimwambia nilijua tangu siku ya pili.

 "Siku ya pili mlikuwa bado karibu na nyumbani," alisema. "Taxi mbili tu."

Aliingia wodini na sikumfuata.

Walikata chini ya goti. Baada ya siku kumi wakakata juu ya goti, kwa sababu jeraha lilikataa kupona. Nilikwenda kwa mwenyekiti nikamweleza yote, tangu soksi za Queensburgh. Nilitaka anifokee. Alisema mapenzi ya Mungu hayachunguzwi, na kwamba hakuna haja ya jambo hilo kufika kwenye kikao cha wazee wa kanisa, litavunja moyo watu. Aliniuliza kama mwaka ujao nitabeba tena begi. Nilimwambia sitalibeba, na mwaka uliofuata sikwenda.

Mzee alirudi Greyville. Lifti ya jengo lao ilikuwa imekufa kabla sijafika Durban, na mtu mwenye mguu mmoja na magongo hashuki ghorofa nne. Katika miezi kumi na nane alishuka mara nne kwa hesabu yangu, akiwa amebebwa kwenye kiti na majirani, kila mara kwenda hospitali. Mashine ya kushonea ilisogezwa ukutani na kufunikwa shuka. Mke wake alipata kazi ya kufua nguo za watu.

Nilikwenda kila Jumamosi kumsafisha kigutu na kuuangalia mguu wa kushoto. Mke alinifungulia mlango, akaitikia salamu, akaenda kwenye kona ya jiko na kugeuza mgongo. Hakuniambia nisije. Mzee aliongea. Alitaka habari za kwaya, za mvua, za farasi aliowaona kutoka dirishani wakifanyishwa mazoezi asubuhi. Hakunilaumu. Nilipojaribu kuomba msamaha aliniambia kuwa yeye ndiye aliyeomba, mimi nilifanya alichoomba. Alisema hivyo mara nyingi, kwa upole, hadi Jumamosi moja aliposema tofauti. Nilikuwa nimemaliza kufunga. Alikuwa ametazama dirishani.

"Ungekataa, ningekuchukia," alisema. "Lakini ningekuchukia niko na miguu miwili."

 Nilikusanya pamba zilizotumika, nikamwuliza kama atakunywa chai. Akasema atakunywa. Mke wake aliiweka sukari mbali naye, tukanywa sote watatu.

Alikufa mwanzoni mwa 2014. Ulianza mguu wa pili, kisha figo. Habari za watoto hazikuja, njema wala mbaya. Kwenye kilio nilikaa nje kwenye ngazi pamoja na wanawake wengine kwa kuwa chumba kilikuwa kimejaa. Baadaye mke wake alitoka, akapita kati ya watu, akanikuta. Nilisimama. Aliniambia, "Keti, mama," akarudi ndani. Hayo ndiyo maneno aliyonipa, na sijui hadi leo yalikuwa na kiasi gani cha msamaha ndani yake. Alihamia Johannesburg kwa dada yake mwaka huohuo.

Mwezi wa Juni nilitembea tena. Mwenyekiti alinikabidhi begi nami nikampa sharti: kila mguu utavuliwa soksi jioni na asubuhi, yeye akiwa amesimama kando yangu. Alikubali. Queensburgh yule mama wa Kihindi alikuwa amefariki na bati la biskuti halikuwepo, ila maji yalikuwa ya moto vilevile. Shuleni viti vilikuwa vimebadilishwa, vya plastiki, vinapinda. Ghalani majivu yalikuwa yaleyale.

Hapo ghalani msichana mmoja wa saluni alinionyesha kidole cha mguu chenye ukucha ulioingia nyamani. Kilikuwa na usaha kidogo, na uwekundu umefika kwenye kiungo. Hakuwa na sukari. Alikuwa akitembea kwa ajili ya mtoto aliyemwacha Goma kwa mama yake. Alininong'oneza nisimwambie mwenyekiti, kama mzee alivyonisihi. Nilimwita mwenyekiti kabla hajamaliza. Asubuhi alipandishwa kwenye bakkie akilia, akaniita mchawi mbele ya watu wote, akasema nina roho ya kuwazuia watu wasifike. Baadhi ya wanawake walimwunga mkono. Kliniki walimtoa ukucha, wakampa vidonge, na siku ya tatu alikuwa kazini amevaa viatu vya wazi. Huenda angefika. Tukikutana Umbilo Road anavuka upande wa pili, sijapata kumlaumu.

Kwa Gogo nililala usiku mmoja wa mwisho. Aliniuliza habari za mzee kwa kuonyesha mguu wake mwenyewe na kuinua mikono. Nilimwambia amekufa. Alinena maneno marefu, na binti yake akanifasiria machache: kwamba mume wake alichukua miaka mitatu, kwamba mke hubaki amechoka, na je, mke yuko salama? Nilisema yuko salama. Sikuwa na hakika. Kabla ya kulala binti alinivuta pembeni akaniambia kuna majirani wanaomwuliza mama yake kwa nini anawalaza wageni wa nchi nyingine, na kwamba mama yake huwajibu vibaya, lakini yeye binti anaogopa, kwa kuwa ndiye anayeishi nao. Nilimwambia naelewa. Nililala karibu na mlango. Sakafu ilikuwa laini kama nilivyoikumbuka, na sikupata usingizi.

Mwaka 2015, miezi michache kabla ya hija, wageni kama sisi walipigwa mjini na maduka yakafungwa. Sisi wa Umbilo tulikaa ndani siku kadhaa, sikwenda maegeshoni, mwenye duka alinipigia simu kuniambia nisije kwanza. Hali ilipotulia, kikao cha parokia kiliamua kwamba hakuna kutembea tena barabarani kikundi kizima cha Wakongo wenye msalaba mbele. Wakakodi basi.

Nilipanda basi hilo. Tulipita Queensburgh kwa dakika chache, sikuuona hata ukumbi. Shule niliiona kutoka juu ya barabara kuu, paa lake na uzio. Ghala lilikuwa mbali ndani ya miwa. Njia ya kwa Gogo si ya magari makubwa, basi lilizunguka upande mwingine wa mlima. Kabla ya saa sita mchana tulikuwa kilimani, viatu vyetu safi, na begi la dawa lilikuwa chini ya kiti changu, halijafunguliwa. Watu walisema ni vizuri zaidi hivi, wazee nao wanaweza kuja. Walisema kweli. Nilisali kwa ajili ya mzee na watoto wake wawili, nikala wali niliofungashiwa, na jioni tulikuwa tumerudi Umbilo.